Mwanangu ndiye anayefanya kazi ya kikundi kizima. Nimtoe?

*"Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mzazi hapa Lamu mjini. Binti yangu yuko Gredi ya 8 na muhula huu kila wiki ana kazi ya kikundi. Wako sita. Juzi walipewa mradi wa mikoko. Yeye ndiye aliyeandika, yeye ndiye aliyechora, na manila na kalamu za rangi nilinunua mimi. Alilala saa sita za usiku. Kuna kijana mmoja kazi yake ni kuamrisha tu, na siku ya kuwasilisha ndiye anayesimama mbele. Watatu wengine hawana habari. Wa sita ni msichana aliyehamia kutoka Kizingitini, hasemi kitu, na akisema wenziwe humcheka anavyotamka. Alama walipata sawa wote. Mwanangu sasa aniambia, 'Mama, nimechoka kuwabeba.' Sisi tulisoma kila mtu na daftari lake, na mtihani wa mwisho ataukalia peke yake. Mume wangu asema hizi kazi za vikundi ni mwalimu kujipunguzia mzigo. Je, nimwendee mwalimu mkuu nimwombe mwanangu afanye kazi peke yake? Au nimwache avumilie, ajifunze maisha? Na sasa ataka simu ili waingie kikundi cha WhatsApp. Nimnunulie?"*

Waaleikum salaam, dadangu.

Binti yako hakukosea kuchoka, na ningependa umwambie hivyo leo kabla ya mengine yote. Mtoto aliyekesha akichora mizizi ya mikoko kwa niaba ya watu sita, kisha akaona wote wamepewa alama ile ile, anajua kwamba pana jambo haliko sawa hata kama hana maneno ya kulieleza. Lakini usikimbilie kumtoa kikundini. Katika maelezo yako naona kasoro iliyoanzia kwenye kazi yenyewe kabla ya kufika kwa watoto: watu sita, manila moja, alama moja, na kazi ikapelekwa nyumbani. Kazi ikipangwa hivyo, huzaa haya uliyoyaona, iwe Langoni, Malindi au Ulaya.

Wengi wetu, walimu tukiwemo, tunadhani watoto wakisogeza madawati wakatazamana basi wanajifunza kwa ushirikiano. Hapo wamekaa pamoja tu. Kujifunza kwa ushirikiano kuna masharti yake, na masharti hayo yamechunguzwa kwa zaidi ya miaka sabini. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Morton Deutsch, aliyekuwa mwanafunzi wa Kurt Lewin, alieleza kwamba namna watu wanavyotendeana hutegemea namna malengo yao yalivyofungamana. Ikiwa mimi siwezi kufika ila nawe ufike, nitakusaidia, nitakupa ninachokijua, na nitafurahi ukifanikiwa. Ikiwa kufika kwangu ni kukosa kwako, nitakuficha ninachokijua. Na ikiwa lako na langu havina uhusiano, kila mtu atashika njia yake.

Ndugu wawili, David na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walilichukua wazo hilo wakaliingiza darasani na kulifafanua kwa masharti matano. Mawili ndiyo ninayotaka uyashike, maana mengine hayasimami bila hayo: kila mtoto awe anahitajiwa kweli na wenziwe, na kila mtoto aulizwe peke yake alichojifunza. Kikundi cha mwanao kimekosa yote mawili. Hakuna aliyewahitaji wale watatu wasio na habari, na hakuna aliyewauliza chochote.

Hao watatu ni rahisi kuwaita wavivu, na huenda mmoja wao ni mvivu kweli. Lakini tazama jambo hili. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapa watu kamba waivute, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi, akapima nguvu zao. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yanaonyesha kwamba wakivuta wawili, kila mmoja hutoa kama asilimia 93 ya nguvu anazotoa akiwa peke yake. Wakifika wanane, kila mmoja hutoa kama asilimia 49. Sehemu ya upungufu huo ni kutokwenda pamoja, huyu anavuta na huyu anapumua. Lakini si yote. Mwaka 1974 watafiti wengine waliwafunga watu macho, na nyuma yao wakasimama wasaidizi waliojifanya wanavuta ilhali hawavuti. Yule aliyefungwa macho alipunguza nguvu vile vile, kwa kuamini tu kwamba hayuko peke yake. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake wakajaribu kwa makofi na kelele badala ya kamba, wakapata hali ile ile. Miaka miwili baadaye wakabadilisha jambo moja: wakawafahamisha watu kwamba sauti ya kila mmoja itajulikana hata wakipiga kelele kwa pamoja. Kuzembea kukatoweka.

Hilo la mwisho lisome tena, dadangu. Watu ni wale wale na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba juhudi ya kila mmoja inaonekana. Kwa hiyo ukiniuliza kama wale watatu wana tabia mbaya, nitakwambia sijui, na wala mwalimu wao hawezi kujua mpaka siku atakapopanga kazi ambayo jasho la kila mtoto linajulikana ni la nani.

Binti yako naye yuko upande wa pili wa jambo hilo hilo. Mwaka 1991 Kipling Williams na Steven Karau walionyesha kwamba mtu anapoamini wenziwe hawatafanya vizuri, na kazi yenyewe ana uchungu nayo, huongeza juhudi ili kufidia. Huyo ndiye aliyekuwa mezani kwako saa sita za usiku. Ni sifa njema, lakini haidumu. Norbert Kerr alionyesha mwaka 1983 kwamba mtu akiona mwenziwe anaweza ila hataki, anaishia kupunguza juhudi zake mwenyewe, hata kama atapata hasara, ili asifanywe mjinga. "Nimechoka kuwabeba" ni maneno ya mtoto aliyesimama kwenye njia panda hiyo. Ninaogopa zaidi aamue kwamba kujituma hakuna maana kuliko usiku mmoja wa kukosa usingizi.

Shemeji anasema mwalimu anajipunguzia mzigo. Kwa ilivyopangwa kazi hii, naelewa kwa nini anaona hivyo: kusahihisha manila kumi ni kwepesi kuliko madaftari sitini. Lakini kazi ya kikundi ikifanywa inavyotakiwa humwongezea mwalimu kazi. Lazima agawanye mada, apange nani akae na nani, azunguke akisikiliza, kisha aulize mmoja mmoja. Tena si jambo alilolizua mwalimu wa mwanao. Mawasiliano na ushirikiano ni mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi katika mtaala huu wa Kenya ambao wengi bado tunauita CBC, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huhesabiwa katika matokeo ya mwisho ya Gredi ya 9. Kwa hiyo vikundi havitaondoka, na swali lenye faida ni vipangwe vipi.

Wewe nawe umesema mtihani ataukalia peke yake. Ni kweli, na hapo wewe na watafiti mnakubaliana kuliko unavyodhani. Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alikusanya tafiti nyingi za vikundi vya darasani akazilinganisha. Pale ambapo kikundi kilipongezwa kutokana na kile ambacho kila mwanachama wake alijifunza, watoto waliendelea mbele. Pale ambapo kikundi kilitoa kazi moja kikapewa alama moja, faida ilikuwa karibu na sufuri. Hata Spencer Kagan, aliyetumia maisha yake kueneza mbinu za ushirikiano darasani, alipinga waziwazi alama za pamoja.

Njia ya Slavin mwenyewe ni hii. Mwalimu hufundisha kwanza. Kisha watoto wanne, wenye uwezo tofauti, hukaa pamoja kuhakikisha kila mmoja ameelewa. Baada ya hapo kila mtoto hufanya jaribio lake kimya, bila msaada. Pointi anazopeleka kwenye kikundi hupimwa kwa kulinganisha na alama zake mwenyewe za nyuma. Mtoto aliyezoea kupata 30 akipata 42, amekiletea kikundi pointi nyingi kuliko yule wa 80 aliyepata 81. Hapo yule wa 80 ana sababu ya kumwelewesha yule wa 30. Kumfanyia hakumsaidii mtu, kwa sababu kalamu ya mtihani hawezi kumshikia.

Na huyo anayeeleza anapata nini? Wazazi wa watoto hodari huniuliza hili kila mara, wakiogopa kwamba mtoto wao anapoteza wakati kuwafundisha wengine. Noreen Webb wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichunguza kwa miaka mingi mazungumzo ya watoto wanapofanya hesabu vikundini. Aliona kwamba anayetoa maelezo ya kina ndiye anayefaidika sana. Anayepewa jibu tupu, bila kuelezwa limetoka wapi, hafaidiki, na wakati mwingine hurudi nyuma.

Chukua mradi huo wa mikoko. Binti yako ameandika kwamba mlilana huota ukingoni kabisa, upande wa bahari. Ameikariri, imekaa. Sasa mwambie amweleze mwenziwe. Mwenziwe anauliza, "Kwani mlilana haufi, maji ya chumvi yameufunika hivyo? Na mbona mchu uko mpaka huku juu panapokauka?" Papo hapo binti yako anagundua kwamba alijua mti unaota wapi lakini hakujua kwa nini. Itabidi arudi kwenye mizizi inayopumulia juu ya tope, kwenye chumvi, kwenye bamvua maji yanapojaa sana na maji mafu yanapojaa kidogo, aviunganishe vyote mpaka vikae sawa kichwani mwake. Kuunganisha huko ndiko kujifunza kwenyewe, na swali lilitoka kwa mtoto asiyejua. Usiku ule alipokuwa peke yake na manila, alipata kuchora. Hakupata wa kumwuliza "kwa nini".

Haya si mageni kwetu. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, watoto husoma kwa sauti pamoja, na aliyetangulia humsikiliza mdogo wake na kumrekebisha. Lakini hakuna anayevushwa sura mpaka mwalimu amsikilize yeye peke yake. Hakuna anayehesabiwa juzuu kwa sababu jirani yake ameihifadhi.

Nije kwa msichana wa Kizingitini, maana nilipokuwa nakusoma yeye ndiye niliyemfikiria zaidi. Elizabeth Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford alichunguza kitu ambacho kila mwalimu amekiona lakini wachache wanakishughulikia: watoto wanapoingia kikundini, huingia na vyeo vyao. Huyu anasoma haraka, huyu babake anajulikana, huyu Kiingereza chake kimenyooka, huyu amekuja juzi na anatamka kivyake. Mwenye cheo husema zaidi na husikilizwa zaidi, na kwa kuwa kusema na kueleza ndiko kunakofundisha, hujifunza zaidi. Asiye na cheo hunyamaza, wenziwe wakachukulia kunyamaza kwake ni ujinga, na cheo chake kikazidi kushuka. Yule kijana anayeamrisha na msichana anayenyamaza ni matokeo ya jambo moja. Kwa hiyo ukimtoa binti yako na ukaacha kikundi kama kilivyo, yule msichana atabaki na mtu wa kumwamrisha na watu wa kumcheka.

Tiba aliyoipendekeza Cohen inahitaji jicho la mwalimu. Mwalimu amwangalie mtoto aliyeshushwa mpaka aone jambo la kweli alilolifanya vizuri, alitaje mbele ya wote kwa uwazi, na aseme linafaa nini katika kazi iliyopo. Sifa ya kumpendeza tu haifai, watoto huitambua mara moja. Nami nakuhakikishia mtoto aliyekulia Kizingitini, kwenye kisiwa cha wavuvi, anajua mambo ya kaa, kamba na mikoko ambayo wenziwe wa mjini watayasoma kitabuni. Kibajuni chake ni Kiswahili cha watu wake, na mwalimu akikubali kichekwe darasani ameshakubali mtoto asijifunze.

Elliot Aronson alikumbana na hali kama hii kwa uzito mkubwa zaidi. Mwaka 1971 aliitwa na wakuu wa shule za Austin, Texas. Watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko walikuwa wameanza kusomeshwa pamoja baada ya miaka ya kutenganishwa, na ndani ya madarasa kulikuwa na uhasama. Aronson na wanafunzi wake waliona kwamba watoto walikuwa wakigombania macho ya mwalimu, kila mmoja akitamani mwenziwe akosee. Wakaligawa somo vipande, kila mtoto kikundini akapewa kipande kimoja ambacho mwingine hana, na mtihani ukawa wa somo zima. Aronson ameeleza habari ya mvulana mmoja ambaye Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao. Alipoanza kueleza kipande chake aligugumia, wenziwe wakamcheka. Msaidizi wa utafiti aliyekuwa akizunguka hakuwahubiria. Aliwakumbusha tu kwamba kumcheka hakutawasaidia kujua kipande alicho nacho, na mtihani unakuja. Baada ya muda watoto wale wakaanza kumwuliza maswali mazuri ya kumtoa maneno, naye akatulia akaeleza, wakagundua ni mwerevu kuliko walivyodhani. Nawe ona kwamba heshima ilifuata baada ya kuhitajiana. Wengi wetu tunangoja watoto wapendane kwanza ndipo tuwape kazi ya pamoja.

Basi mradi wa mikoko ungeweza kuwaje? Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, mada yenyewe ni pana na watoto wameizoea. Vikundi viwe vya wanne. Wa kwanza apewe aina za miti na mahali inapoota: mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi. Wa pili apewe matumizi na biashara yake, kuanzia fito na pau hadi boriti, na mlilana unaotoa mataruma, yaani mbavu za mashua. Wa tatu achukue viumbe vinavyozaliwa na kukulia mikokoni, na wa nne achukue ukataji na upandaji upya. Kabla ya kurudi kwa wenziwe, wale wote darasani waliopewa kipande cha kwanza wakutane, wakisome pamoja, wasaidiane kukielewa. Wa pili vivyo hivyo, na wengine. Hatua hii walimu huiruka kwa kukosa muda, na ndiyo inayomwokoa mtoto dhaifu, maana anarudi kikundini akiwa na kitu cha uhakika mkononi. Kisha kila mmoja awafundishe watatu wenziwe. Mwisho kuwe na jaribio fupi la maswali kutoka vipande vyote vinne, kila mtu kwenye daftari lake, kila mtu na alama yake. Manila si lazima, na ikitakiwa, mgongo wa kalenda ya mwaka jana unatosha.

Nikuambie pia mipaka yake. Si kila kitu ni cha kikundi. Kuzoea majedwali ya kuzidisha, kuhifadhi, kuandika insha yako mwenyewe, hayo mtoto anayafanya vizuri zaidi peke yake. Somo jipya kabisa lazima mwalimu alifundishe kwanza, vikundi haviwezi kuvumbua wasichokuwa nacho. Na darasa likiwa la watoto sitini wamebanana, kupanga vipande vinne na kuhamisha watoto ni shughuli nzito. Mwalimu wa darasa kama hilo ningemshauri aanze na wawili wawili, kwa mtindo ambao Frank Lyman wa Maryland aliueneza mwaka 1981: kila mtoto afikiri kimya, amwambie jirani yake, kisha mwalimu achague yeyote aseme. Haihitaji kuhamisha hata dawati moja, na wawili ni wachache mno kwa mtu kujificha.

Sasa ufanye nini. Kumtoa kikundini kutampa nafuu ya haraka, lakini atakosa kueleza na kuulizwa, na kwa wenziwe ataonekana anajiona. Nitalikubali kama njia ya muda tu ikiwa anaumizwa. Kumwacha avumilie sikushauri kabisa. Atajifunza mojawapo ya mawili, kwamba wema ni kubebeshwa au kwamba kujitahidi ni ujinga, na yote mawili hatutaki aondoke nayo shuleni.

Nenda kwa mwalimu wa somo, usianze na mwalimu mkuu. Ukimruka utakuwa umemvunjia heshima, na atakayelipa ni mtoto. Usiende kushtaki watoto wa watu. Mwambie hivi: "Mwalimu, mwanangu anapenda somo lako. Ningeomba kila mtoto apewe sehemu yake yenye jina lake, na alama za kila mmoja zijulikane. Na kama inawezekana kazi ifanywe darasani." Hilo la darasani litilie mkazo, kwa sababu hapa kwetu kazi ya kikundi ikipelekwa nyumbani hufa. Wakitoka shule wana chuo. Kabla ya magharibi msichana lazima awe nyumbani, hawezi kwenda kukaa barazani kwa kina kijana yule kupanga mradi. Anayevuka kwenda Mokowe anawahi boti. Kazi inabaki kwa mtoto ambaye mamake alikuwa na hela ya manila, na huyo alikuwa wako.

Na binti yako naye ana lake la kufanya. Mfundishe kusema siku ya kwanza, mbele ya wote, "Mimi nachukua sehemu hii. Wewe unachukua ipi?" na kuandika jina mbele ya kila sehemu. Sehemu ya mwenziwe isipofanywa, asiifanye. Iachwe wazi na jina lake. Najua hili litamwuma mtoto mwenye bidii, kwa hiyo kubaliana na mwalimu mapema ili asije akaadhibiwa kwa kikundi kizima. Lakini pia muulize kwa upole, mkiwa wawili tu: kuna aliyetaka kuchora ukamnyang'anya kalamu kwa sababu mwandiko wake si mzuri? Watoto hodari hufanya hivyo bila kukusudia, na aliyenyang'anywa mara mbili hajitolei mara ya tatu. Akikubali kwamba imetokea, usimkaripie. Mwambie kazi ijayo amwache mwenziwe achore, hata kama mizizi itatoka imepinda.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Ukiona tumbo linamuuma kila siku yenye kazi ya kikundi, usingizi umempotea, chakula hakitaki, au anakataa kwenda shule kwa zaidi ya wiki moja au mbili, mwone mwalimu wa ushauri nasaha ana kwa ana, na umpeleke hospitali apimwe. Akisema anatishwa, anapigwa, au anatumiwa maneno ya kumdhalilisha, hapo nenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo popote Kenya, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kwa msichana yule wa Kizingitini, kama ukimya wake umeenea mpaka kwa marafiki na nyumbani, si kikundini tu, mzazi wake aiulize afisi ya elimu ya kaunti ndogo habari ya kutathminiwa kusikia na kusema. Ukimjua mamake, mwambie hili kwa siri na kwa upendo.

Kuhusu simu, usimnunulie kwa sababu ya kazi hii. Kikundi cha WhatsApp cha watoto sita kitaongeza mahali pa kuamrishwa na pa kuchekwa pasipo mtu mzima wa kuona, na kazi itabaki pale pale. Mwalimu akiwa anatuma maagizo kwa simu, mwombe ayatume kwenye yako, naye binti ayanakili daftarini.